Kitambaa Kibichi Hakikunjwi

Gari lenye paa la kitambaa, katika jiji la vumbi na mvua kama hili letu, ni ujinga. Nasema hivyo kwa sababu ninalo, na mjinga ni mimi. Nililinunua nikiwa na miaka arobaini na miwili, tayari limeshatumiwa ng'ambo, kwa sababu nilitaka siku moja maishani nibonyeze kitufe, paa lijikunje nyuma, barabara yote ya Waiyaki Way inione. Majirani wangu wa mtaa wa Mountain View wakaliita gari la turubai. Mlinzi wa lango aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama ile sehemu ya juu itakuja na meli nyingine.

Kuchekwa ningevumilia. Kilichonishinda ni kuvuja. Mwaka uliofuata Mama aliugua mapafu, akaja kukaa nami kutoka kwetu Magharibi, na kila Jumanne nikawa nampeleka kliniki katika hospitali kuu pale Upper Hill, karibu na ofisi yangu. Siku ya kwanza tu daktari alinivuta kando akanionya: mama huyu asipigwe na baridi, na asilowe. Wiki hiyohiyo masika yakaanza, na paa likaanza kudondosha maji juu ya kiti cha abiria. Tone, tone, kwenye kitambaa chake cha kichwa. Nilimwambia akae nyuma. Akakataa, eti yeye si mzigo.

Basi Jumamosi nikashuka mjini, kwenye maduka ya vipuri, kutafuta dawa ya kuzuia maji. Duka la kwanza nikaletewa polishi ya dashibodi. La pili, rangi ya tairi. La tatu, jamaa alinitazama juu mpaka chini akasema, "Madam, si ununue tu gari ya kawaida?" Nilitoka humo na hasira zangu. Duka la nne walikuwa nayo, kopo la kupuliza, na mwenye duka akanieleza bila kunicheka: sugua na brashi laini, suuza kwa maji ya kumwagia wala si ya presha, kausha kivulini mpaka ndani ya mishono, halafu ufunike vioo na rangi kwa magazeti na upulize mara mbili. Nikafanya yote. Mgongo uliniuma siku tatu. Lakini Jumanne ilinyesha, na halikuingia hata tone. Mama alikaa mkavu akitazama nje, na mimi nikaendesha nikiimba kimoyomoyo.

Sasa nieleze habari za Mama. Alifua nguo katika nyumba ya matajiri, Spring Valley, miaka ishirini na sita. Nyumba ile ilikuwa na gari kama langu, jekundu, na ni yeye aliyepangusa viti vyake kila asubuhi. Paa lilikuwa kazi ya dereva. Kuketi ndani hakuwahi. Alipangusa akiwa amesimama nje, ameinama, halafu wenyewe wakaja, wakafungua paa, wakaenda zao. Lakini nguo alizijua, tena vibaya sana. Alikuwa na sheria zake nyumbani, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: kitambaa kibichi hakikunjwi, kwa sababu kitaota kawa, yale madoa ya ukungu, na kawa haitoki. Mimi nilichapwa darasa la tatu kwa kukunja sweta ya shule ambayo haijakauka. Kwa hiyo mtu asidhani Mama hakujua kitambaa. Alikijua kupita kiasi, na hapo ndipo tuliponaswa.

Alhamisi moja nililiacha gari nyumbani, nikaenda kazini na mwenzangu wa ofisi. Niliporudi jioni, uwanja wote ulinukia maua. Mama alikuwa kwenye kigoda, mikono ya sweta ameikunja, anakohoa na anatabasamu.

"Nimekufulia hiyo paa yako," akasema. "Ilikuwa imekauka kama gunia. Sasa iguse."

Nikaligusa. Jameni! Alikuwa amelisugua kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya kufulia, halafu akalimwagia chupa nzima ya ile dawa ya kulainisha nguo. Lililainika kweli, kama blanketi la mtoto. Kazi yangu yote ya Jumamosi ilikuwa imeondoka na povu, imeishia kwenye mtaro.

"Mama, hiyo si shuka!"

"Kitambaa ni kitambaa."

"Nani alikutuma? Nani? Unakaa kwangu halafu unaniharibia vitu vyangu!"

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, na majirani wakayasikia. Mama aliinuka kwenye kigoda. Alisuuza beseni, akaliegemeza ukutani, akaingia ndani.

Jumanne mvua ilitupiga kuanzia Kangemi mpaka Upper Hill. Paa lilikunywa maji kama sponji, na likiisha kushiba, likamwagia Mama. Alitoa mfuko wa plastiki kwenye mkoba, akauvaa kichwani bila kuambiwa. Kumbe alikuwa ameubeba makusudi. Alikohoa wiki nzima. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mvua, na gari, na yule aliyevumbua upuuzi wa kuvalisha gari nguo. Na zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe, lakini hiyo sikumwambia mtu.

Jumamosi tukaanza upya. Nasema tukaanza, lakini niliyekuwa nimeinama ni mimi. Yeye alikaa kwenye kigoda akitoa amri. Ile dawa ya kulainisha ilikuwa lazima itoke yote, la sivyo ya kuzuia maji isingeshika.

"Suuza tena. Bado inateleza."

"Nimesuuza mara nne, Mama."

"Basi ya tano."

Halafu ikawa vita vya kukausha. Mama hakuamini mkono. Alisimama, akaegemeza shavu lake juu ya kitambaa, akafumba macho. Shavu, alisema, linajua unyevu kuliko vidole. "Bado." Baada ya saa moja, shavu tena. "Bado, hapa kwenye mshono." Niliona njaa, nikaona kizunguzungu, nikatamani kulichoma moto gari lote. Saa kumi ndipo aliposema, "Sasa." Nilimfukuza aingie ndani asivute ile dawa, nikapuliza mara mbili, yeye akinichungulia dirishani. Msamaha sikumwomba. Nilidhani kufanya kazi ile vizuri kungetosha.

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha tena, na maji yakawa vijitone vya mviringo juu ya paa, yakabiringika, yakaanguka barabarani. Mama aliinua macho.

"Leo inakataa," akasema, na nikaona amefurahi.

Nilimwacha mlangoni kwa daktari, maana alisema ataingia peke yake, nikaenda ofisini. Saa sita nilipomfuata, mvua ilikuwa imekatika, na paa limejaa vile vijitone. Alikuja na bahasha ya kaki, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu, akaketi.

"Daktari amesemaje?"

"Amesema." Kisha akanyoosha kidole juu. "Fungua hii kitu."

"Dirisha?"

"Paa."

"Mama, ni mbichi! Na kifua chako je?"

"Fungua."

Nikahamaki. Nikamkumbusha kwamba juzi tu alinisimamia saa nzima na saa nyingine juu ya mshono mmoja, shavu huku, shavu kule, na sasa anataka nilikunje paa likiwa linachuruzika maji, yeye, yeye aliyenichapa kwa ajili ya sweta! Nilisema mpaka nikaishiwa. Mama alinisikiliza, mikono yote miwili juu ya mkoba, hakubishana hata kidogo. Na Mama alikuwa mtu wa kubishana. Hapo nikautazama ule mkoba wenye bahasha. Mtu anayekataza kukunja kitambaa kibichi ni kwa kuwa anakifikiria kitakavyokuwa mwezi ujao.

Nikabonyeza kitufe. Paa likajikunja, na maji yote tuliyoyazuia kwa jasho yakamwagika kwenye kiti cha nyuma. Tulipanda Waiyaki Way wazi, baridi ikitukata, watu wa kwenye malori wakitupigia honi. Mama alishika kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja, akatazama miti, akatazama mawingu.

"Kumbe hivi ndivyo walikuwa wanaona," akasema.

"Kina nani?"

"Wale wa Spring Valley."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikamuuliza kama anasikia baridi.

"Sana," akasema. "Usifunge."