Udongo wa Katana, Mwanga wa Mirihi

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara, pale Bukavu, mkuu wa maabara hakunipa kiti. Alinipa bonge la udongo mweupe. "Mademoiselle, humu ndani muko maji," alisema. Lilikuwa limekauka kau, nikacheka. Akanieleza kwamba maji yamefungwa ndani ya chembe za udongo, nayo humeza sehemu fulani ya mwanga wa jua, sehemu ambayo macho yetu hayaioni. Chombo kinachozunguka juu ya sayari husoma mwanga unaorudi, na penye pengo la sehemu ile iliyomezwa pana udongo wa mfinyanzi. Lakini pengo hulitambui kama hujapima kwanza udongo wa duniani.

Vita vilitukuta katika kazi hiyo. Watafiti wa Ulaya, wenzetu, walikuwa wakichunguza Mirihi, wakaomba udongo mweupe wa Katana, kaskazini mwa Bukavu, wa kulinganishia. Ndege ya mizigo ilikuwa inaondoka kesho yake. Tukiikosa, nani ajuaye nyingine ingekuja lini. Tukaenda na mkuu, tukachimba, na wakati wa kurudi tukasimamishwa kwenye barrière ya askari.

"Hii iko coltan!" askari alisema, akipiga teke mfuko wetu, akidhani tunatorosha madini.

"Hapana, chef, iko udongo," nikajibu.

"Udongo gani watu banapeleka Ulaya?"

Mkuu wangu, mtu asiyejua kudanganya, akasema ni wa kupimia Mirihi.

"Mirihi? Iko upande ya Kalehe?" Askari akakoki bunduki. "Munanicheka?"

Ukweli ungetuua siku ile. Nikamega kipande, nikakitafuna. "Chef, iko udongo ya kula, ile bamaman ya mimba banatamani. Angalia."

Alinitazama hadi nikameza, kisha akashusha bunduki. "Bibi yangu iko na mimba, ananisumbua juu ya hii kila siku," alisema kwa sauti ya chini. "Munigawie." Tukamjazia kofia.

Uliobaki ulitosha, na ndege tuliiwahi. Miezi ikapita, mchoro wa vipimo ukafika kutoka Ulaya: pengo la Mirihi na la udongo wetu yamelingana. Nilipiga vigelegele, maana udongo wa namna ile hauzaliwi bila maji kukaa na mwamba muda mrefu sana. Mkuu aliutazama mchoro. Halafu akaniuliza, "Bibi ya ule askari, alizala muzuri?"

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza habari za Mirihi, nami nawajibu bila kukwama. Swali la mkuu wangu mpaka leo sina jibu lake.