Tulipanua njia za hewa kwenye V8 ya Ami, tukatokea kwenye maji

Wakuu, heshima zenu nyote.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na ningefurahi sana yangekuwa stori ya mtu mwingine.

Ami yangu anakaa Matemwe. Ana gari la kizamani la Kimarekani, injini V8 ya silinda nane, zile wanazoita small block, na tangu aache uvuvi ndiyo imekuwa kazi yake: kubeba maharusi. Ukitaka biharusi atoke kwao kwa heshima, unamwita Ami.

Safari hii ilikuwa zamu ya kitinda mimba wake, Zuwena. Mzee hakutaka kitu kingine ila kumpeleka mwanawe kwa gari lile.

Tatizo, gari lilikuwa limechoka. Ukikanyaga mafuta linanguruma tu, haliendi.

Kabureta ilishasafishwa, plagi mpya, bado. Rafiki yangu Makame, fundi wa pale Amani, akasema injini inakosa pumzi.

Kwa wasiojua: hewa huingia kwenye silinda kupitia njia zilizomo ndani ya cylinder head, yaani hedi, kile chuma kinachofunika silinda kwa juu. Kwenye injini hizi za zamani njia ni finyu na zina mikwaruzo tangu kiwandani. Unazipanua kidogo kwa grinder, unalainisha kona, injini inapumua. Ndiyo porting hiyo. Si uchawi, mimi na Makame tulishaifanya kwenye gari nyingine na ikakubali vizuri.

Tukafungua. Njia ya kwanza ikatoka safi, hata nikaanza kujidai.

Ya pili, Makame hajafika hata nusu ya kiasi tulichozoea kukata, grinder ikazama. Tukamulika tochi. Tundu, na upande wa pili ni njia ya maji ya kupoza injini.

Chuma kilikuwa kimeliwa kwa ndani, kimebaki kama ganda la yai. Tukajaribu welding, kikapasuka pembeni. Tukaulizia hedi nyingine mjini, tukapiga simu bara. Hakuna. Na harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile.

Nikaenda Matemwe kumwambia. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi, lakini pale barazani nikamwambia tu kwamba hedi imetoboka. Kisha nikamuuliza rejeta alikuwa akiitia maji gani.

"Ya kisima," akasema. "Ya mfereji haba, tukinywa sisi."

Wakuu, kisima chenyewe kiko karibu kabisa na pwani. Maji yake yana chumvi. Miaka yote ile yalikuwa yanakula chuma taratibu.

Na mzee hakuficha kitu. Sisi ndio hatukumuuliza. Kwetu humhoji mkubwa wako namna anavyotunza mali yake, ni kumvunjia heshima. Siku ya kuchukua gari tulisema shikamoo, tukanywa chai, tukapewa funguo, tukaondoka. Adabu imetuponza.

Zuwena alikwenda kwa gari la kukodi, jeupe, lina AC. Ami aliambiwa akae mbele na dereva, akakataa. Akasema atabaki kuwaangalia wageni. Wageni wote walikuwa kwenye msafara.

Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa ushauri. Kabla hujapeleka grinder kwenye hedi ya zamani, hasa ya gari lililokaa pwani, chungulia kwanza kwenye matundu ya maji. Ukiona kutu inabanduka magamba, simama hapo hapo, mpelekee mwenye kifaa apime unene. Na muulize mwenye gari, hata kama ni baba yako mzazi. Unaweza kuuliza kwa adabu vilevile.

Siku hizi nikienda Matemwe, Ami ananiuliza watoto, ananiuliza kazi, mpaka hali ya Makame. Habari za gari haulizi. Bora angenigombeza.

Aliyewahi kuziba tundu kama hili likashika, au anayejua hedi zilipo, hata za mtumba, aandike hapa chini. Mabinti wa kuozesha nyumba ile wamekwisha, najua. Nataka tu mzee aliwashe.