Mama Eulogia Aingia Darasani

Serikali ilipotangaza kwamba itatoa fedha kukijenga upya chuo kikuu cha enzi za Wahispania, kilichokuwa magofu tangu matetemeko ya zamani, Eulogia Xicay alikuwa akifua nguo za watu kwenye hodhi la umma, nyuma ya ukuta wa chuo chenyewe. Hakushughulika. Watu wa kabila lake walikuwa wameingia mle kubeba mawe tu.

Kumbe safari hii kilimhusu. Kilifunguliwa ili kukutanisha tamaduni, na mkuu wake, Don Arnulfo, akaja mwenyewe hodhini kumwomba awafundishe wageni Kikaqchikel, lugha ya kabila lake.

“Mimi? Baba, mimi shuleni nilitandikwa kwa kusema hicho hicho!”

“Na bado unakisema, mama. Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Binti yake, Herlinda, aliyekuwa akifua kando yake, alicheka mpaka sabuni ikamponyoka. “Nenda bwana! Utapumzisha mgongo.”

Akaenda. Siku ya kwanza alisimama mlangoni pa darasa akiwa na blauzi yake nzuri ya kufuma. Ilikuwa kama mwalimu wake wa utotoni yumo mle ndani na rula yake anamngoja. Waliokuwamo ni Wahispania watatu, Mkorea mmoja, na wakili wa makamo kutoka mji mkuu, Otoniel, ambaye bibi yake alikisema Kikaqchikel na yeye hakurithi hata neno.

Otoniel akajitosa wa kwanza kueleza alichokula jana. Alitaka kusema äk’, kuku. Koo likamsaliti, ikatoka äq.

“Ulimla nguruwe?” Eulogia akamuuliza. “Mzima? Peke yako?”

Darasa zima likaangua kicheko. Wakili akajaribu tena. Akatoka nguruwe yule yule.

“Zuia pumzi kooni, mwanangu. Kama mtu aliyetaka kukohoa akaghairi.”

Safari ya tatu akatoka kuku. Wakampigia makofi, na wakili mwenyewe akawa anapangusa machozi huku akicheka. Hapo ndipo Eulogia alipogundua kwamba anatembea katikati ya madawati, anasema kwa sauti, na hakuna anayemkemea.

Jioni Herlinda alimpokea mlangoni. “Wamekufukuza?”

“Wanifukuze wapi! Kesho wanataka niwafundishe matusi.” Akaketi, akavua viatu, akashusha pumzi ndefu. “Hebu nipakulie maharage, mwanangu. Tangu jana chakula kilikuwa hakipiti kwa woga.”