Kula Kithai Nyamirambo, Nyuma ya Pazia

Bukoba, msimu wa senene. Safari hii sikuiomba, nilitumwa. Mdogo wangu Idrisa, aliyezunguka dunia akipika kwenye meli hadi akaoa Thailand, alikuwa amehamia Kigali na kufungua mkahawa mdogo mtaa wa Nyamirambo. Dereva mmoja wa lori akatuletea habari zake: mkahawa haupati wateja, na mkewe Suraya amesema mvua zikiisha bila watu kuja kula, anarudi kwao.

Mama alikuwa anapeta mchele. Akaweka ungo chini. Suraya ni mkwe wake wa pekee, Mwislamu kama sisi, mzaliwa wa kusini mwa nchi yake, na siku ya harusi tuliyowafanyia hapa Bukoba Mama alimpa kwa mkono wake sanduku jekundu la nguo. Aliniambia niende, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha akaongeza, "Lakini lile sanduku langu nisilione likirudi hapa."

Nikafunga senene wa kukaanga, nazi za kutoka pwani na fungu kubwa la mchaichai. Mimi nina mdomo mrefu na tumbo lisilochagua, na nilidhani hivyo viwili vingetosha kuokoa ndoa ya mtu.

Njiani nilikaa mbele na yule yule dereva, mtu mpole aliyezoea kuimba kwenye milima. Tukapita Biharamulo kwenye vumbi, tukalala Ngara, na asubuhi tukafika Rusumo, mahali mto unapoanguka chini ya daraja kwa kishindo hata ukiulizwa jina lako lazima urudie. Ng'ambo ni Rwanda: migomba kama ya kwetu, ila vilima vimesogeleana zaidi.

Baada ya Kibungo vizuizi vikawa vingi. Rwanda ilikuwa vitani wakati ule; mapigano yalikuwa kaskazini, lakini askari walikuwa kila mahali, na kila mtu alishuka kuonyesha karatasi zake. Niliogopa, sitaficha. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana alifungua kifurushi changu, akaona senene, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni chakula, na kumthibitishia nikatia mkono nikatafuna mbele yake, dereva naye akatafuna. Askari akageuza uso haraka, akatazama migomba mpaka tulipomaliza kumeza, ndipo akatupungia tupite. Nilicheka hadi Kabuga, nikijua kabisa kwamba aliwachukia wadudu wangu. Nilikosea, na sababu nitaieleza.

Nyamirambo tulifika alasiri. Ukitoka Bukoba hujioni mgeni pale: misikiti, cherehani zinazolia barazani, watu wanasalimiana Kiswahili, chao wenyewe lakini Kiswahili. Mkahawa wa Idrisa ulikuwa na baraza pana inayotazama barabara, na juu yake meza nne zenye vitambaa vya kijani, zimefutwa zikameta. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Suraya alinikumbatia akanipokea mizigo. Alipoona mchaichai aliunusa akafumba macho. Alipoona senene alipiga kofi moja la furaha, maana kwao pia panzi hukaangwa wakaliwa, na jambo hilo ndilo lililotufanya tupendane tangu harusi. Lakini chumbani niliona sanduku jekundu juu ya kabati, limefungwa mikanda. Nililigusa. Lilikuwa zito.

Jioni hiyo akaniandalia mezani, pale barazani: supu ya samaki wa ziwa Muhazi na ndimu, saladi ya papai bichi lililotwangwa na karanga, wali. Nikala peke yangu mbele ya mtaa mzima. Watu walipita wakinisalimu kwa adabu, kisha wakatazama pembeni kama niliyekaa bila nguo. Na chakula chenyewe kilikuwa kimepooza. Siku za harusi Suraya alinipikia supu iliyonitoa machozi na kamasi, nikaomba bakuli la pili. Hii ya sasa ilikuwa maji ya kunawia yenye ndimu. Idrisa akaeleza kwamba walidhani watu wa hapa wanaogopa pilipili, basi kila wiki wakapunguza, na kila wiki wateja wakazidi kupungua.

"Sasa sina cha kupunguza, wifi," Suraya akasema. "Nimebaki mimi tu."

Maneno hayo yaliniuma.

Mteja mmoja tu ndiye aliyekuja jioni ile, naye aliingilia mlango wa uani na bakuli lenye kifuniko. Aliitwa Mama Aziza, mshonaji wa nyumba ya pili. Alijaziwa supu, akaifunika vizuri kwa kanga, akaondoka kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Sikulitilia maanani.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kutembea. Nikanunua hindi la kuchoma, nikawa natembea nalitafuna kama tunavyofanya kwetu, huku nasalimia kila mtu kwa mdomo uliojaa. Nilipofika kwa Mama Aziza aliacha cherehani, akanishika mkono, akanivuta ndani ya geti lake na kulisukuma likafunga.

"Maliza hapa, mama," akasema. "Hapa kwetu mutu mukubwa haiko nakula njiani. Watu banaona."

Nikamuuliza kuna ubaya gani, mbona ni hindi tu. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. Kula ni jambo la ndani. Mtoto anaweza kutafuna barabarani, mtu mzima hapana, anajivunjia heshima. Hata baa za mtaa huo huweka watu uani, nyuma ya ukuta. Ndiyo maana yeye huja na bakuli na kifuniko.

"Na hiyo chakula ya Suraya iko nzuri?" nikamuuliza, nikijaribu Kiswahili chao.

"Ilikuwa nzuri sana. Sasa amekwisha kuiharibu, sijui kwa nini. Lakini hata ikiwa nzuri, nani atakaa pale juu, bwana yake anapita, mukwe wake anapita, yeye iko nafungua mudomo?"

Nikamkumbuka askari wangu wa kizuizini. Masikini, hakuwachukia senene. Alikuwa ananisitiri.

Nikarudi mbio na hindi langu ndani ya kanga. Idrisa alibisha, akasema yeye amekaa hapa karibu mwaka mzima na mimi nimekuja jana. Nikamwambia mkaa jikoni huona sufuria tu. Suraya hakubisha. Alikaa kwenye kiti akanitazama, kisha akasema, "Kwetu mama yangu anaweka meza barabarani. Mtu akiona watu wanakula, naye anakaa." Akacheka, na katikati ya kicheko akalia. Mimi nililia naye. Kumbe hakuna aliyemkataa. Alikuwa ametandika meza yake mahali ambapo watu wa pale hawawezi kukaa, akaomba msamaha kwa kuondoa pilipili yake mwenyewe.

Siku hiyo hiyo tukahamisha meza uani, chini ya kipenu cha mabati. Mama Aziza akashona pazia la kitenge, la manjano na bluu, likaning'inia kati ya baraza na ndani. Geti dogo la uchochoroni, lililokuwa la kutolea taka, likasafishwa likawa mlango wa wageni. Nikatoa sharti moja: apike kama alivyonipikia mimi. Aliogopa. Nikamsimamia mpaka akatwanga pilipili kinu kizima, akakuna nazi zangu, akakata mchaichai, na uani pakanukia harusi.

Ijumaa adhuhuri, baada ya sala, tulingoja. Watu walitoka msikitini, wakapita barabarani wakaona baraza tupu na pazia. Hakuna aliyesimama. Suraya alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa, na nikamwona akitupa jicho kule chumbani kwenye kabati.

Kisha geti la uchochoroni likalia. Mama Aziza aliingia na mumewe, fundi mzee wa makoti anayeheshimiwa mtaa mzima. Mzee akatazama ukuta mmoja, akatazama ukuta wa pili, akatazama pazia, akaridhika, akakaa. Akaletewa supu. Akanywa kijiko kimoja. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akavua kofia.

"Hii muchuzi iko kali sana," akasema.

Mkono wa Suraya ulisimama juu ya meza. Mzee akainua bakuli kwa mikono miwili, akalimaliza, akamnyooshea.

"Ongeza, mama."

Mpaka alasiri tulikuwa tumeazima viti nyumba tatu. Waliingia mmoja mmoja kupitia uchochoroni, kwa heshima zao, na wakishafika nyuma ya pazia waliachia: walipenga makamasi, walilamba vidole, waliitana majina, walidai papai zaidi. Suraya alipita katikati yao akibeba sufuria kichwa juu. Idrisa aliosha vyombo, na mimi nikamwacha na aibu yake, ilimfaa. Nimekula sherehe nyingi maishani. Ile niliipigania mwenyewe, na najisifu.

Siku ya kurudi, Suraya alishusha sanduku jekundu, akalifungua mikanda na kutundika nguo zake kabatini, moja moja. Sanduku tupu akalijaza kahawa, maharage na kitenge kilichobaki kwenye pazia, akaniambia nimpelekee Mama. Njia nzima, kwenye kila kizuizi, nililifungua na kulifunga, na kila nilipotaka kula niliingia kwanza nyuma ya lori. Dereva alinicheka. Nilimwambia nimefundishwa: ukitaka kumlisha mtu, kwanza ujue anapenda kukalishwa wapi.

Bukoba, Mama alikuwa mlangoni. Aliliona sanduku kabla hajaniona mimi. Akashika nguzo.

"Amerudi kwao?"

"Sanduku limerudi, Mama," nikasema. "Mwenyewe hana tena kazi nalo."