Vitambaa vya Mwalimu Delphine

Delphine, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya mtaa wa Makiso, alizaliwa kwa wavuvi wa maporomoko ya mto. Pale maji yananguruma hadi baba hawezi kumwita mwanawe kwa sauti. Anamwita kwa mkono. Nadhani ualimu wake ulianzia hapo, ingawa diploma anayo na nimeiona.

Mjukuu wangu Emilie hasikii vizuri. Mwaka jana, siku ya proklamasyo, matokeo yanaposomwa uwanjani mbele ya wazazi wote, mkurugenzi wa shule aliita jina lake. Emilie hakusogea. Akaitwa tena. Watu wakacheka. Jina la marehemu mume wangu Eugène, aliyefundisha hesabu nusu ya mji huu, likapita vinywani mwao pamoja na neno "bubu".

Mwaka huu Emilie aliingia kwa Delphine. Nikaenda kumwonya: mjukuu wangu asiwekwe kando kama mgonjwa.

"Hapana, Mama," akanijibu. "Hatakuwa peke yake. Kila mutoto atakuwa na kitambaa yake."

Kweli, kila mwanafunzi alileta kipande cha nguo ya kwao. Delphine akikiinua, mwenyewe anajibu: kwa mdomo, kwa mchoro au kwa kupanga vizibo vya chupa mezani. Hata waropokaji walijifunza kungoja zamu. Kitambaa cha Emilie kilikuwa cha njano. Nilikikata mwenyewe kwenye shati la Eugène.

Shemeji yangu Léon alicheka sana. "Alors, iko masomo ao iko stade ya mupira? Arbitre na filimbi yake atakuja lini?"

"Cheka tu, shemeji. Siku ya proklamasyo utanyamaza."

Nilisema kwa ukali, lakini nilikuwa na hofu. Kama tungechekwa mara ya pili, Emilie asingekubali kurudi shule.

Siku ikafika. Mkurugenzi alikuwa bado anasafisha koo mvua ilipomwagika. Tukakimbilia darasani, na chini ya paa la bati sauti yake ikazama kabisa.

"Anaita nani?" wazazi wakapiga kelele. "Papa mkurugenzi, sema kwa nguvu!"

Delphine akapanda benchi kando ya mkurugenzi, akatega sikio mdomoni mwake, na kwa kila jina akainua kitambaa. Watoto wake wakatoka mmoja mmoja bila kukosea, huku sisi wenye masikio tukiulizana.

Cha sita kilikuwa cha njano. Kabla hakijafika juu, Emilie alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya watu, kichwa juu, akapokea karatasi yake. Hakuna aliyecheka. Nikaketi, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu mwaka jana.

Nyuma yangu Léon alikuwa bado anamuuliza jirani, "Bon, huyu aliyepita iko nani?"

"Emilie," nikamjibu kwa sauti kubwa, ili safu ya mwisho nayo isikie. "Mjukuu wa mwalimu Eugène."