Mpaka-Nione na Kofia ya Hewa

Mume wangu ni fundi pancha, na mtaa mzima unamwita Mpaka-Nione, maana hakuna neno analolikubali kwa kuambiwa tu. Mchumba wa binti yetu alipokuja kujitambulisha, mwenzangu alimkagua soli za viatu kwanza, eti ajue anatembelea wapi. Miaka ishirini na sita nimeishi na mtu huyo, na mimi mwenyewe ameshaniambukiza.

Kwa hiyo nimonia iliponilaza hospitali, na daktari akaja na tabasamu lake kusema watanivisha kofia, tulimkazia macho sote wawili. Kofia gani? Nesi akaileta: kuba la plastiki angavu, kubwa kuliko ndoo, lenye kola ya mpira laini ya kubana shingo. Bomba moja linaingiza hewa kwa nguvu, jingine linatoa pumzi. Daktari akasema mapafu yangu yamechoka, na hewa hiyo itayasaidia kufunguka. Ikishindikana, nitapewa dawa ya usingizi na kuingizwa mpira kooni. Nikamuuliza, nikilala hivyo nitaamka? Tabasamu likapungua. Akasema watajitahidi.

Nesi, mama wa makamo asiye na haraka, akaniambia nifumue nywele zote kwanza. Nikajua tu wanataka kuninyoa. Na nilikuwa nimesukwa juzi! Nikafumua za mbele, za kisogoni nikazificha chini ya kitambaa cha kichwani.

Mume wangu akamwuliza yule nesi, "Mtu unamfunga nailoni shingoni, halafu unamwambia apumue?"

Nesi akamweleza taratibu, na yeye akaitikia kwa kichwa. Ninavyomjua, akiitikia kwa kichwa ndiyo hajaamini hata kidogo.

Wakanivisha. Jamani, kelele za ndani ya kofia ile! Kama mvua kubwa juu ya bati, na haikatiki. Sauti za watu hazifiki vizuri, unaona midomo tu inacheza. Daktari na nesi wakinong'ona, mimi nasema basi, wananijadili. Kitanda cha dirishani asubuhi kilikuwa na bibi mmoja, mchana nikakiona kimetandikwa upya. Nikakionyesha kwa kidole. Nesi akaonyesha mlango na kucheka. Mlango wa kwenda nyumbani, au wa kwenda wapi? Sikumwamini.

Mwenzangu alikaa pembeni yangu, lakini hakuwa akinitazama mimi. Alitazama mabomba. Huyu mtu akisikia hewa inavuja hatulii, hata iwe baiskeli ya jirani. Mkono wake ukaenda polepole hadi mwisho wa bomba la kutoa pumzi, pale penye vali, panapopuliza. Akapaziba kwa dole gumba, vile anavyoziba tyubu akiwa anatafuta kiraka.

Kofia ikavimba. Masikio yakaziba, macho yakataka kunitoka, mashine ikapiga kelele. Nikampiga kwa mkono wangu, naye akaushika na kuubembeleza, akidhani namshukuru! Nesi alikuja mbio akamng'oa lile dole, na safari hii alifoka hadi nikamsikia nikiwa ndani.

"Hapo ndipo pumzi inapotokea! Unataka kumuua mkeo?"

Akatolewa nje, uso umemshuka. Nilimwonea hasira na huruma kwa pamoja. Nusura aniue kwa ufundi wake.

Kesho yake kofia ikaanza kulegea. Namba ya oksijeni kwenye mashine, niliyokuwa nailinda kwa macho, ilikuwa tisini na tano. Ikafika tisini. Ikafika themanini na sita. Wakaongeza hewa, wapi. Wakakagua mashine, wakakaza mabomba, lakini kifua changu kilizidi kupanda na kushuka bila faida. Daktari akaja bila tabasamu, nyuma yake toroli, na juu ya toroli ule mpira wa kooni. Niliogopa, sisemi uongo, niliogopa kulala nisiamke.

Mume wangu alikuwa nje ya mlango wa kioo, anagonga na kuonyesha shingo yake mwenyewe. Nesi akamwendea kwa hasira. Maneno ya mume wangu nilihadithiwa baadaye.

"Jana nilikosea, nesi. Lile tundu mmeliweka wenyewe. Lakini leo kuna tundu lingine, na liko shingoni. Nipe dakika moja."

Nesi akamtazama, akamwambia afunge mikono mgongoni. Akaingia hivyo, kama mfungwa. Akaomba alowanishwe shavu kwa maji, kisha akainama akalipitisha kuzunguka kola yangu, karibu sana bila kugusa, kama anavyosikilizia upepo wa tyubu inayovuja siku beseni lake la maji likiwa kavu. Daktari alitazama saa. Nyuma ya sikio la kushoto, shavu likasimama.

"Hapa," akasema.

Nesi akaingiza kidole chini ya kola, akakutana na msuko wangu. Mmoja tu, umechomoka kwenye kitambaa ukajipenyeza. Akaukata kwa mkasi, akaikalisha kola vizuri. Kofia ikakaza. Themanini na nane, tisini, tisini na tatu. Daktari akageuza toroli lake. Mimi nilifumba macho kwa aibu, maana tundu lile nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe.

Siku ya nne wakanivua. Nesi akatangaza kwamba sasa napumua mwenyewe. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akalamba mgongo wa mkono wake, akauweka chini ya pua yangu. Nikapumua. Hakuutoa. Nikapumua tena.

"Baba, si ushaona? Toa mkono."

"Bado sijaona," akasema, na kweli asingeweza kuona chochote, machozi yalikuwa yamemjaa macho.