Nilitembezwa mji wa kuta Ufaransa, kumbe wote walijua isipokuwa mimi

Habari za muda huu wakuu. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mnaotaka stori za kuchekesha piteni uzi mwingine.

Mimi ni dada wa kazi hapa Muscat, Azaiba. Kwetu Tanga. Mabosi wangu ni Waomani wenye asili ya Unguja, nyumbani wanaongea Kiswahili. Joto la mwaka jana lilipozidi wakaenda Ufaransa, wakanichukua kwa ajili ya mtoto.

Wakati huo mama yangu alikuwa amelazwa hospitali. Kila nikipiga, kaka anasema anaendelea vizuri.

Siku ya tatu tukaenda Carcassonne. Wakuu, ule mji umezungushiwa kuta mbili, ya nje na ya ndani, na minara yenye mapaa yaliyochongoka. Ndani ni vichochoro vya mawe na maduka yanayouza mapanga ya mbao ya watoto.

Laini yangu ya Oman huko haishiki, nategemea wifi ya hoteli. Asubuhi ile kaka hakupokea. Nikajua yuko wodini kwa mama.

Sasa siku hiyo niliona maajabu. Madam akasukuma kigari cha mtoto mwenyewe. Nikataka kubeba begi, akanipokonya. Bibi, yaani mama yake madam, akaninunulia aiskrimu, mwanangu huku, mwanangu kule. Nikajisemea, hawa Ulaya imewalainisha. Mjinga mimi.

Saa sita mchana nilikuwa juu ya ukuta najirekodi video: "Mama, ona kuta hizi! Ukipona nakuja kukusimulia zote." Nacheka kabisa. Bibi akageukia upande wa pili, nikadhani ni upepo umemwingia machoni.

Saa kumi tukakaa mgahawa wenye wifi. Kabla sijatuma video nikaweka picha zangu status, na ile ya aiskrimu.

Hazikupita dakika mbili, binamu yangu akaandika: "Pole kwa msiba. Ila una roho ngumu, mama kazikwa saa saba na wewe unakula aiskrimu?"

Saa saba ya Tanga ndiyo saa sita ya kule.

Nikamwuliza Bibi, "Mlijua?"

"Tangu asubuhi, mwanangu. Kaka yako katupigia, katuomba tusikwambie mpaka turudi Maskati. Kakhofu utaanguka ugenini. Nisamehe, nna uchungu na mie."

Sikuanguka. Nililia palepale mezani, watalii wanapita.

Mazishi nisingewahi, hilo najua. Kinachoniuma ni ile saa. Ningebaki hotelini nimsomee Yasini wakati anashushwa kaburini. Badala yake nilikuwa nacheka na simu.

Ndiyo desturi yetu, aliye mbali anafichwa mpaka arudi. Wote walinihurumia, hakuna aliyenitakia baya, kwa hiyo hata wa kumgombeza sina. Hasira imebaki na mimi.

Funzo langu: mtu wenu aliye mbali mwambieni. Kulia ugenini kunauma, ila ni haki yake.

Siku hizi kaka akisema wote wazima, namwambia ampe simu kila mmoja nimsikie sauti.

Mlio Khuwair hapa Muscat, Doha, Jeddah, mmeshafichwa hivi? Na nyie mlioko nyumbani, kuna mtu mnamficha sasa hivi? Semeni hapa. Ila kwanza mpigieni.